Shajara ya mradi: walimu wa Kiingereza, Amu na Pate

Muhula wa kwanza: ratiba na muundo

Huu ni mradi wa walimu wa Kiingereza wa Gredi ya 4 hadi ya 6 katika visiwa vya Lamu, Kenya: wanakutana kujifunza mbinu za kufundishia, kisha wanatembeleana darasani. Kabla ya mada yoyote kupangwa, kalenda ya muhula iliwekwa kando ya jedwali la maji kujaa na kupwa. Walimu wa kikundi wanatoka shule za mjini Amu, Matondoni, na upande wa Pate: Siyu, Faza na Kizingitini. Boti za Pate hupita mkondo mwembamba wa bahari uitwao Mkanda, na Mkanda hauna kina. Siku za bamvua maji hupwa sana katikati ya asubuhi, na boti iliyochelewa kutoka hukwama, abiria wakabaki kutazama mikoko hadi maji yarudi. Kwa hiyo utaratibu wa "Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi", unaopendwa sana na wapangaji wa semina, haufai huku. Mikutano inawekwa Jumamosi za maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, karibu na tarehe 8 au 9 na 22 au 23 za mwezi mwandamo. Siku hizo maji hujaa asubuhi wakati watu wako njiani, na jioni hayapwi kiasi cha kuzuia boti kurudi.

Kipindi kinaanza saa nne kasorobo na kwisha saa sita na robo, kabla ya adhuhuri. Dakika 150 zimegawanywa hivi: 20 za mazungumzo ya Kiingereza kitupu baina ya walimu wenyewe, 40 za taarifa kutoka darasani, 60 za mada mpya pamoja na kufundishana kwa zamu, na 30 za kuandika andalio la somo litakalofundishwa wiki inayofuata. Hizo 30 za mwisho ndizo huliwa kwanza mada ikirefuka, na hapo mkutano mzima huwa umepotea: mwalimu anarudi Kizingitini na wazo zuri lakini bila andalio, na Jumatatu anafundisha kama kawaida. Mwendeshaji anaweka saa ya simu ilie ikibaki nusu saa. Ikilia, mada inakatwa hata kama haijamalizika.

Kikundi kina walimu kati ya 12 na 16, wamegawanywa watatu watatu kwa ujirani wa shule ili watembeleane bila kuvuka bahari. Kila mzunguko wa wiki nne una badiliko moja tu la ufundishaji. Si mawili. Mwalimu anayetoka semina na mbinu kumi hatumii hata moja, maana kila moja inadai maandalizi, na darasa la watoto 50 halimpi nafasi ya kujaribu mambo kumi kwa mpigo.

Wazo la kumfuata mwalimu darasani si jipya Kenya. Tusome, programu ya kufundisha kusoma iliyoenea kitaifa kuanzia 2015, iliwapa walimu wa madarasa ya chini mwongozo wa kila somo, kisha maafisa wa mtaala wakawatembelea darasani na tableti mkononi. Mradi huu umechukua ile ziara na kuipeleka Gredi ya 4 hadi ya 6. Sababu ya kuchagua gredi hizo ni kwamba kwa Mtaala wa Umilisi, Gredi ya 1 hadi ya 3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, na kuanzia Gredi ya 4 lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Mtoto wa Siyu anafika Gredi ya 4 na kukuta Sayansi, Kilimo na Hisabati vyote vimehamia Kiingereza kwa siku moja.

Muhula wa kwanza: kutazama somo bila kutoa alama

Kikwazo cha mwanzo ni TPAD, mfumo rasmi wa kutathmini utendaji wa walimu. Walimu wamezoea kwamba anayeingia darasani na karatasi anakuja kujaza fomu ya tathmini, kwa hiyo wanamwandalia somo la maonyesho: watoto wamefundishwa jana, leo wanajibu kwa kishindo. Ili kuondoa hilo, kikundi kilikubaliana mambo matatu. Karatasi ya mtazamaji haina alama wala nafasi ya sahihi. Inabaki kwa mwalimu aliyefundisha na hainakiliwi. Na mwalimu mkuu anaelezwa mapema kwamba ziara hii haiingii kwenye TPAD. Hili la mwisho likisahaulika, mengine hayana maana.

Karatasi yenyewe ni nusu ukurasa. Mtazamaji anachora madawati yalivyo, kila mtoto kisanduku kimoja. Somo linapoendelea, mtoto akisema neno moja la Kiingereza anawekewa nukta, akisema sentensi anawekewa mstari. Majibu ya pamoja ya darasa zima hayaandikwi. Mtazamaji haandiki maoni yoyote. Somo la dakika 35 latosha.

Karatasi moja ya Gredi ya 5 iliyoletwa mkutanoni inaonyesha kinachotokea karibu kila mahali. Mistari imejaa safu mbili za mbele na kushuka katikati ya darasa, ikafanya umbo la herufi T. Pembeni na nyuma kuna nukta chache, na dawati la dirishani la wasichana wanne halina kitu. Mazungumzo baada ya somo ni ya dakika 10 na huanza kwa swali moja: "Mwalimu, hebu tizama hii karatasi. Waona nini?" Mtazamaji hunyamaza mpaka mwalimu aseme. Akitangulia kusema yeye, mwalimu hujitetea na mazungumzo hufia hapo.

Badiliko la mzunguko huu lilikuwa kungoja. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi Marekani miaka ya 1970, alikuta walimu hungoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza kabla ya kumtaja mwingine au kujijibu wenyewe. Walipongoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi walijitolea. Kwa mtoto anayejibu kwa lugha ya pili sekunde moja ni dhuluma: anapaswa aelewe swali, atafute jibu kwa Kiswahili, kisha alitafutie maneno ya Kiingereza.

Hatua tulizokubaliana: uliza swali kwanza, hesabu tatu kimoyomoyo, kisha taja jina. Jina likitangulia swali, wengine wote hupumzika. Mikono isiinuliwe. Majina yanachorwa kutoka kopo la vijiti vya aiskrimu, kila kijiti jina moja, na kijiti kikitoka kinarudi kopo lile lile, la sivyo aliyekwisha kuitwa anajua yuko salama hadi kesho. Kinachoharibika ni ule ukimya. Walimu wengi wanauona kama aibu na kuujaza kwa "Yes? Yes? Who can?". Dawa iliyosaidia ni mwalimu kutembea hatua tatu polepole kuelekea nyuma ya darasa wakati wa kungoja. Miguu inahesabu badala ya kichwa, na anajikuta karibu na dawati ambalo halikuwa na mistari.

Muhula wa kwanza, mwisho: matamshi

Mada hii ndiyo yenye faida ya haraka Pwani, sharti iandikwe kwa watoto wa Pwani. Vitini vingi vya matamshi vinavyozunguka nchini hutumia kurasa kadhaa kufundisha sauti za mwanzo za "think" na "this". Mtoto wa Amu anasema *thamani* na *dhahabu* tangu hajaanza shule. Sauti hizo anazo; anachohitaji ni kuambiwa tu kwamba Kiingereza huziandika zote mbili "th". Dakika tano zatosha. Muda uliookolewa unakwenda kwenye mambo matatu yanayowasumbua kweli: irabu, konsonanti zinazofuatana, na miisho ya maneno.

Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo "ship" na "sheep" hutoka sawa, na "bad", "bud" na "bird" zote huangukia a ya *baba*. Zoezi ni bingo. Ubaoni kunaandikwa maneno 12, yaani jozi sita. Kila mtoto anachora jedwali la visanduku tisa daftarini na kuchagua maneno tisa anayotaka. Mwalimu anasoma bila mpangilio, akificha orodha yake, na mtoto anakata neno alilosikia. Aliyemaliza safu lazima asome maneno yake matatu kwa sauti, na darasa liamue kama ni yenyewe. Hapo kusikia kunageuka kutamka.

Tatizo la bingo ni kwamba mwalimu asiyetofautisha "ship" na "sheep" anaendesha bahati nasibu. Kwa hiyo zoezi huanza kwa walimu, wawili wawili, mmoja akimpa mwenzake mgongo ili asisome midomo. Kwa "sheep" midomo inatanuka kama kutabasamu na sauti inavutwa. Kwa "ship" taya linalegea na sauti inakatwa. Kwa asiyepata tofauti hata baada ya hapo, sauti ya kuigwa inarekodiwa kwenye simu na darasani anachezesha simu. Hakuna ubaya.

Konsonanti zinazofuatana na miisho zinafanyiwa kazi kwa kidevu. Weka mgongo wa kiganja chini ya kidevu na useme "desk". Kidevu kinashuka mara moja. Sema *deski*: mara mbili. Mtoto anaona mwenyewe irabu aliyoongeza, hakuna haja ya kumweleza silabi funge. Kisha neno linajengwa kutoka nyuma: "sk", "esk", "desk". Kwa kipimo hicho hicho "walked" ni mara moja na "wanted" ni mara mbili, na kanuni inakuja yenyewe: "-ed" husikika kama silabi pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d. Wengi wa watoto, na baadhi ya walimu, walikuwa wakisema "walk-ed" kwa silabi mbili kwa sababu ndivyo lilivyoandikwa, na Kiswahili kimewazoesha kwamba kila kilichoandikwa hutamkwa.

Mkazo wa neno ulipewa nafasi ndogo tu. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo huhamia kwenye "hospital" na "calendar". Kupiga dawati kwa nguvu kwenye silabi yenye mkazo kunatosha kwa gredi hizi.

Muhula wa pili: kusi

Upepo wa kusi unavuma: bahari chafu, boti chache. Mikutano ya pamoja imepunguzwa, na kila utatu unakutana shuleni kwake. Dakika 20 za mazungumzo zimehamia kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp: kila mwalimu anatuma dakika moja kwa wiki kwa Kiingereza, akijibu swali moja, na mwenzake mmoja aliyepangwa anajibu kwa dakika moja pia. Isizidi hapo. Video zimepigwa marufuku kwenye kundi, kwani zinamaliza bando za watu na mahali penye mtandao dhaifu hazifunguki.

Muhula wa pili: -me- na wakati uliopita

Kosa linalojirudia kwenye madaftari ya Gredi ya 6 ni "I have seen him yesterday". Chanzo chake kinajulikana: *nimemwona jana* ni Kiswahili safi kabisa. Mtoto hakosei ovyo, anatafsiri kwa uaminifu. Kumrudishia kanuni ya sarufi mara ya nne hakusaidii kama hajaona kwamba lugha hizi mbili zimegawa wakati kwa namna tofauti.

Somo lililoandaliwa linatumia kamba ya makumbi ya kama mita nne iliyonyooshwa sakafuni. Upande mmoja kuna kadi "2015", katikati "yesterday", mwisho wa pili "now". Mwalimu anasema "I saw Ali yesterday", na mtoto mmoja anasimama juu ya "yesterday", miguu pamoja. Kisha "I have lived in Faza since 2015": mtoto anatembea kutoka 2015 hadi "now" na kubaki amesimama hapo. Kisha "I have seen Ali" bila siku: mtoto anasimama "now" na kuangalia nyuma. Baada ya kila sentensi kuna maswali mafupi ya kuhakiki: "Do I live in Faza now?" "Do we know the day?" Maswali haya yanaandikwa kwenye andalio neno kwa neno, kwa sababu yakitungwa papo hapo hugeuka kuwa "Do you understand?", na jibu la hilo ni "Yes, teacher" tangu shule zianze.

Kanuni ubaoni ni mstari mmoja: siku ikitajwa, kitenzi hakichukui "have". Haielezi kila kitu kuhusu wakati huo wa Kiingereza, lakini inaondoa kosa lililo kubwa zaidi.

Muhula wa pili: kusahihisha

Mtoto: "Yesterday he go to the shop." Mwalimu: "Yes, he went to the shop. Very good." Mtoto anasikia "very good" na kuketi. Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha mwaka 1997 uchunguzi wa madarasa ya Kanada ambako watoto walifundishwa kwa Kifaransa. Zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya namna hii, kurudia sentensi kwa usahihi, na ndiyo yaliyomfanya mwanafunzi ajirekebishe mara chache zaidi. Yaliyofanya kazi zaidi ni yale yanayomwachia mtoto arekebishe mwenyewe.

Badiliko la mzunguko: mwalimu anarudia sentensi hadi kabla ya kosa na kunyamaza. "Yesterday he…" Ikiwa mtoto haoni, mwalimu anaonyesha nyuma ya bega kwa kidole gumba, ishara ya wakati uliopita. Akishindwa bado, ndipo anapewa jibu na kulisema tena mwenyewe. Kila somo linachagua kosa moja la kufuatiliwa, mengine yanapita. Mtoto anayekatizwa kila neno hanyooshi tena mkono. Kuchanganya "he" na "she", ambako kunatokana na *yeye* na *a-* zetu zisizojali jinsia, kulichaguliwa na nusu ya walimu na kunafaa sana kwa ishara, kwa kuwa mtoto anajua kanuni na kinachomponyoka ni kasi.

Muhula wa pili: karatasi A na karatasi B

Lengo ni vihusishi vya mahali, ambavyo Kiswahili hubeba kwa *-ni* na *kwenye*, hivyo "in the table" inaonekana sawa kabisa. Watoto wawili wanapewa ramani moja ya mji wa Amu yenye majina pungufu. Karatasi A ina Ngome, gati na hospitali. B ina soko, uwanja wa Mkunguni na Msikiti wa Riyadha. Kila mmoja anauliza mahali pa vitu vitatu na kuviandika: "Where is the market?" "It is next to the Fort."

Bila maandalizi zoezi hili huanguka kwa njia tatu. Watoto wanaonyeshana karatasi, kwa hiyo mkoba unasimamishwa katikati ya dawati. Wanaongea Kiswahili, na mara nyingi ni kwa sababu hawana sentensi za kutumia. Viunzi vinne vinaandikwa ubaoni na kuachwa hapo. Na hawaelewi la kufanya, kwa hiyo mwalimu anacheza na mtoto mmoja mbele ya darasa kwanza, badala ya kueleza kwa maneno. Muda ni dakika nne. Kelele zitakuwepo, na mwalimu wa darasa jirani aambiwe mapema.

Shule za Pate zilibadilisha ramani. Watoto wengi wa Kizingitini hawaujui mji wa Amu kiasi cha kuusemea, kwa hiyo walimu wao walichora kijiji chenyewe: bandari, zahanati, msikiti, duka, kisima. Ramani ya kuchora kwa mkono kwenye manila, ikinakiliwa na watoto wenyewe, inaondoa pia gharama ya fotokopi.

Muhula wa tatu: kusoma

Kipimo cha dakika moja: mtoto anasoma kifungu cha maneno kama 100 ambacho hajawahi kukiona, maneno sahihi yanahesabiwa, kisha maswali matano ya ufahamu. Vigezo vya ufasaha vilivyotumika katika Tusome ni maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Walimu kadhaa walidhani Kiswahili kimelegezewa. Sivyo. *Nitakupikia* ni neno moja, na kwa Kiingereza ni matano.

Jambo la kuangalia hapa ni kumbukumbu. Watoto wengi wanakwenda chuoni, yaani madrasa, kila siku na wana uwezo wa kuhifadhi ambao shule hazijui kuutumia. Mtoto wa namna hii akisomewa ukurasa mara mbili anaurudisha wote, kidole kikifuata mistari, na mwalimu anaandika kwamba anasoma. Ili kumjua: funika picha, mwonyeshe maneno kwa kuruka ruka kutoka chini kwenda juu, au mpe sentensi zile zile zilizopangwa upya kwenye kadi. Akikwama, anarudishwa kwenye sauti za herufi bila kutangazwa mbele ya wenzake. Uwezo wake wa kuhifadhi unafaa mahali pengine: mashairi mafupi na majibizano ya kuigiza.

Muhula wa tatu: maswali ya kuchagua

KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, inakaribia na walimu wa Gredi ya 6 hawana masikio ya kitu kingine, jambo linaloeleweka. Kipindi kimoja kilitumika kuandika maswali. Majibu ya uongo yasitungwe kichwani, yatolewe kwenye madaftari. Kwa "He ___ to Mokowe yesterday", machaguo ni "went", "has gone", "goed" na "go". Kila jibu baya lina mwenye nalo, kwa hiyo mwalimu akihesabu nani alichagua lipi anajua kesho aanze wapi: waliochagua "has gone" wanarudi kwenye kamba, waliochagua "goed" wanahitaji orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni. Majibu manne yawe na urefu unaokaribiana, kwani watoto wamegundua zamani kwamba jibu refu mara nyingi ndilo sahihi.

Yanayosubiri muhula ujao

Uandishi wa insha haujaguswa. Walimu wa Kiswahili wa shule hizo hizo wameombwa wahudhurie kipindi kitakachohusu viunganishi, ili maneno ya kuonyesha sababu na mfuatano yafundishwe wiki moja kwa lugha zote mbili. Kadi za bingo za manila zimekufa kwa unyevu na zitaandikwa upya kwenye vipande vya maboksi. Jedwali la maji la mwaka mpya likipatikana, Jumamosi za maji mafu zitatumwa kwa walimu wakuu kabla shule hazijafungwa.